Mark X, BMW au Harrier? Gari la foleni, la raha, na la kumbebea mteja

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mshauri wa kodi na hesabu za biashara. Nakaa Madale, ofisi iko Upanga, kwa hiyo asubuhi na jioni niko Barabara ya Bagamoyo. Wateja wangu wengi ni wenye viwanda na maduka makubwa. Nawafuata Masaki, Posta na Barabara ya Nyerere, na wanaotoka Mwanza au Arusha huwa nawapokea uwanja wa ndege. Nina milioni 40 taslimu, mkopo sitaki. Napenda kuendesha, na hii Premio yangu imenichosha. Moyo wangu uko kwenye Mark X. Rafiki yangu anasema chukua BMW 320i, wateja watakuheshimu. Mume wangu anasema Harrier na mjadala umefungwa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada yangu, kazi ni njema. Hoja zenu zote tatu nimezisoma na kila mmoja ana lake la kweli, ila hakuna ninayempa ushindi. Nisikuzungushe: kwa matumizi uliyoyaeleza, ningekutafutia Mazda Atenza ya petroli, sedani, toleo la 25S, ya kati ya 2013 na 2016. Najua haikuwa hata kwenye orodha yenu, ndiyo maana jibu limekuwa refu.

Tuanze na mteja, maana hapo ndipo watu hupotezea hela. Hapa kwetu ukubwa wa mtu hupimwa kwa urefu wa gari. Baada ya Uhuru wakubwa waliitwa Wabenzi. Siku hizi mkubwa yuko kwenye shangingi, na hata Prado iliyochoka hufunguliwa geti haraka kuliko sedani mpya. Kwa milioni 40 huingii kwenye mashindano hayo. Mwenye kiwanda ambaye mwenyewe ana V8 mbili hatashtuka eti umekuja na BMW ya miaka kumi na kitu iliyopita. Bei yake anaijua, na kama haijui ataisoma kwenye namba. Namba C, namba D, namba E: mjini hapa kila mtu anajua kuhesabu hizo herufi.

Anachotazama ni kingine. Anakukabidhi vitabu vyake, kwa hiyo anataka kujua kama wewe ni mtu wa mpangilio. Akikaa siti ya mbele, macho yake yako kwenye dashibodi. Taa ya injini ikiwa imewaka njano nawe unaendesha kana kwamba haipo, mteja wa kodi atajiuliza ni barua ngapi za TRA umeziacha zikae hivyo hivyo. Akikaa nyuma, anasikiliza. Mkipanda tuta bushi zikagonga, nembo ya mbele haitakuokoa. Ameshakuweka kundi la watu wanaoishi juu ya kipato chao. Magari ya namna hiyo nakutana nayo kila mara kwenye ukaguzi. Nje yanang'aa, ndani AC inapuliza upepo wa kawaida, na mwenye gari anashusha kioo huku akisema gesi imeisha juzi tu.

Kwa hiyo gari la kumbebea mteja, kwa kipimo changu, liwe zima, liwe kimya, AC iwe imeshapoza kabla hajafunga mkanda, na nyuma pawe na nafasi ya magoti. Halafu lisiwe lile ambalo mnapishana nalo kila baada ya dakika mbili.

Sasa raha. Ukiambiwa gari lenye raha, akili inakimbilia nguvu za farasi. Lakini wewe unatoka Madale, unaingia Tegeta, unasota Mwenge, unasota tena Morocco. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na pale barabara inapofunguka kidogo kuna trafiki na tochi yake. Farasi 300 utazitumia sekunde chache kwa wiki, mafuta yake utayalipia kila siku. Raha ya mtu wa foleni inatoka kwengine: stelingi inayokwambia tairi za mbele zinafanya nini, pedali inayojibu papo hapo ukiona upenyo, giaboksi isiyojishauri, na siti inayokushika kiuno. Gari likiwa na hayo, hata kuzunguka kipilefti kunanoga. Likikosa, unaendesha kiti cha sebuleni.

Kwa kipimo hicho tuitazame Mark X yako. Sina ugomvi nayo kama mashine. Inasukumwa na tairi za nyuma, ina V6 laini, na giaboksi yake haina maneno. Kizazi cha pili, kile cha kuanzia 2009, kimetulia barabarani kuliko cha kwanza. Injini ya cc 2,499 ambayo wengi wanaleta, 4GR, inapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na masizi hujikusanya. Safari fupi na foleni ndivyo vinavyolikuza tatizo hilo. Ukiiwasha asubuhi ikatetemeka kidogo kisha ikatulia, mara nyingi ndiko kunakoanzia. Inasafishika, lakini kwa fundi anayejua, siyo kwa kumimina dawa ya chupa kwenye tanki.

Tatizo la Mark X kwako ni kwamba gari hili limeshapewa wenyewe. Vijana wamelifanya la wikiendi: limeshushwa, ekzosi imetobolewa, taa za rangi chini. Yako itakuwa ya heshima, lakini ukiingia kwenye ua wa kiwanda mlinzi ataitazama kwa jicho lile lile. Ukitaka damu hiyo hiyo ya Toyota yenye heshima zaidi, tazama Crown. Ukiikuta ya kizazi cha 2012 na kuendelea, ile ya haibridi ya cc 2,500, iliyotunzwa, basi kwa kumpokea mtu uwanja wa ndege hakuna inayoishinda kwa hela yako. Nyuma pana, kimya, na kwenye foleni injini inazima na kukuachia betri. Kwenye stelingi imelala kidogo. Ingekuwa wewe ni mtu wa kuendeshwa ningekwambia Crown na tungeishia hapo.

BMW nitaiongelea kwa urefu, maana rafiki yako hajakudanganya: hakuna sedani kwenye bajeti yako inayoendeshwa vizuri kama 320i. Uzito umegawanywa mbele na nyuma karibu sawa, na unakaa chini, miguu imenyooka. Watu wakishaionja hawarudi. Swali ni ipi utakayoipata.

Kwa milioni 40 utaletewa za aina mbili. Ya kwanza ni E90, iliyotengenezwa 2005 hadi 2012, na 320i nyingi za huko zina injini ya N46. Hii nakuomba uipite. Sili zake za valvu hukakamaa na umri. Dalili yake unaiona hapa hapa mjini: gari limesimama kwenye foleni dakika kadhaa likiunguruma, taa ikiruhusu linaondoka na wingu la moshi wa bluu, halafu linaacha kutoa kama halikuwa lenyewe. Nyuma yako kuna bajaji inakohoa, kushoto kwako ni mteja. Kubadilisha sili hizo ni kazi ya siku kadhaa kwa fundi mwenye vifaa vyake, na ukishafungua hapo utakuta gasketi ya kifuniko cha juu nayo inavuja.

Ya pili ni F30, iliyoanza 2012. Hii ni gari hasa. Farasi 184, turbo inayoshika mapema, giaboksi ya ZF ya gia 8 ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote tutakazozitaja leo. Ila za kabla ya 2015 zina injini ya N20, na ugonjwa wa N20 unajulikana dunia nzima: reli za plastiki zinazoiongoza cheni ya timingi huchakaa, zinavunjika, vipande vinadondoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Cheni ikiruka, injini imekwenda. Kabla haijafika huko huwa inalia, mlio mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, kama wa turbo lakini unatokea mbele ya injini. Muuzaji atakwambia ndiyo sauti ya BMW. Baada ya maboresho ya 2015 ndipo 320i ilipoanza kufungwa injini ya B48, ambayo imetulia, lakini kwa hela yako B48 safi ni ya kuvizia.

Kuna mambo mawili ya F30 ambayo wauzaji hawayasemi. Nyingi hazina tairi la akiba, zimekuja na tairi ngumu zinazoweza kutembea bila upepo; ni ghali, na kwenye barabara ya vumbi ya kuingilia Madale zitakutingisha meno. Na nyingi hazina kijiti cha kupimia oili, unasoma kwenye skrini. Sensa ikidanganya, hujui. Gari lenyewe liko kama sentimita 14 tu kutoka ardhini, kwa hiyo kila mtaro wa mtaa wenu utaujua kwa jina.

Mercedes C ya 2007 hadi 2014, ile ya W204, ina nyota mbele, na kwa wateja wa umri wa wazazi wetu nyota ile bado inaongea. Nyuma pako sawa, mlango unafungwa kwa uzito wake. Injini ya M271 iliyomo kwenye C180 na C200 ina maradhi ya cheni nayo: asubuhi ikiwa ya baridi inakwaruza sekunde chache kisha inanyamaza. Ndiyo maana muuzaji mjanja hukuwashia gari mapema kabla hujafika. Kuiendesha ni starehe, siyo raha. Sijui kama unanielewa, nadhani unanielewa.

Golf 7 ni tamu, lakini giaboksi yake ya gia 7 yenye klachi kavu haikutengenezewa Mwenge saa kumi na mbili jioni. Kule kusogea hatua moja, kusimama, kusogea hatua moja, ndiko kunakoimaliza. Pia wateja wawili wa Mwanza wenye mabegi hawatoshi kwa raha. Subaru Legacy sitaki kuibeza, ila wewe unatafuta ukimya.

Harrier ya mume wako. Nadhani anasema ile ya kuanzia mwisho wa 2013, Anaconda, siyo Tako la Nyani iliyoitangulia. Shemeji hajakosea kwa hesabu za nyumbani. Iko juu, spea ziko kila kona, na ukitaka kuiuza inaondoka kabla tangazo halijapoa. Ile ya cc 2,000 inatumia giaboksi ya mkanda. Ukikanyaga, sauti inapanda kwanza, gari linafuata baadaye. Wewe uliyechoshwa na Premio utachoshwa na hii ndani ya miezi mitatu, ila utakuwa umechoka ukiwa juu zaidi. Na simama dakika kumi pale Mikocheni uhesabu zinazopita. Mteja akitoka nje kutafuta ulipoegesha, ataikaribia ya mtu mwingine.

Sasa Atenza. Kizazi hiki kilitoka Japani mwishoni mwa 2012, na nje ya Japani kinaitwa Mazda6. Ni sedani kubwa, karibu mita 4.9, pana kuliko BMW 3 Series (familia ya 320i) na kuliko Mercedes C ya wakati wake, na nyuma ina magoti ya kutosha mtu mrefu. Umbo lake halijazeeka. Watu wasiojua magari huuliza ni gari gani, na wanaojua husogea kutazama kwa ndani. Kwa mteja, hiyo ndiyo nafasi unayoitaka: haijafananishwa na tabia ya mtu yeyote, haidai kuwa ghali, na haionekani ya bei rahisi.

Kwa dereva, ina mambo ambayo Harrier haiwezi kukupa. Injini ya 25S ni ya cc 2,488 isiyo na turbo, farasi 188, mvuto wa Nm 250. Kwa kuwa haina turbo, ukigusa mafuta inaitika pale pale, hakuna kusubiri. Giaboksi ni ya gia 6 za kawaida, na inashika moja kwa moja mapema kiasi kwamba unahisi mguu wako umefungwa kwenye tairi. Stelingi ni nyepesi lakini ina habari. Inavutwa na tairi za mbele, kwa hiyo ule mchezo wa 320i wa kusukumwa mgongoni kwenye kona huupati, na kama hicho ndicho unachokiota usiku, rudi kwenye aya ya F30 uisome tena. Ipo pia 20S ya farasi 155. Inatosha mjini, na ushuru wake ni nafuu, lakini siku unapanda Morogoro na watu wanne na kuna lori la kontena mbele yako, utaikumbuka 25S.

Sababu kubwa ya kuichagua, hata hivyo, haimo kwenye Atenza yenyewe. Imo kwenye CX-5. Injini na giaboksi za petroli ni za familia moja na CX-5 zile zilizojaa jijini, kwa hiyo fundi ameshazifungua, na spea za injini, plagi, koili, maunti, filta, utazipata Shauri Moyo au Kariakoo bila kuagiza. Kinachokuwa adimu ni vya bodi: taa ya mbele, bampa, kioo cha pembeni. Hivyo ndivyo vya kuviogopa, na ndiyo maana ya kukata bima kubwa badala ya ndogo.

Usije ukashawishiwa na XD, ile ya dizeli. Karatasi zake zinavutia: mvuto wa Nm 420, mafuta kidogo. Ila ina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo hujisafisha kwa kuchoma, na ili limalize kuchoma linahitaji mwendo mrefu wa kasi ya kutulia. Tegeta hadi Upanga kwenye foleni halimalizi. Linaanza, unazima gari. Kesho linaanza tena, unazima. Dizeli inayopulizwa kwa ajili ya kuchoma inateremka kwenye oili, na ukivuta kijiti unakuta oili imepanda badala ya kushuka. Muuzaji wa XD akikwambia gari halili oili kabisa, mwambie unajua.

Mbaya za Atenza ya petroli nazo uzijue. Za kuanzia 2015 zina skrini kubwa ya kugusa, na kwa jua la hapa safu yake ya juu hupata nyufa usizoziona, kisha inaanza kujibonyeza yenyewe. Inabadilisha redio, inafungua menyu, na kama simu imeunganishwa inaweza kumpigia mtu. Mko Selander na mteja, gari linampigia mama mkwe wako. Tiba ya gharama ni skrini mpya. Tiba ya fundi ni kuchomoa waya wa kugusa na kutumia kitufe cha kuzungusha kilicho karibu na gia, kinafanya kila kitu. Bushi za mikono ya mbele na viungo vya stabilaiza huchoka kwa barabara zetu, ila si vya kutisha bei. Na kama ina ule mfumo wa kuzima injini kwenye taa, betri yake si ya kawaida. Watu hufunga betri ya kawaida kwa kubana hela, inakufa mapema, kisha wanalaumu gari.

Rangi. Nyekundu ya Mazda ni nzuri mno, mtu asikwambie vinginevyo, lakini hupulizwa kwa tabaka tatu, na mpulizaji wa hapa akigusa mlango mmoja utauona mlango huo kwa mbali. Tafuta kijivu au bluu ya giza. Nyeusi kwa vumbi la Madale ni kuosha kila asubuhi. Na rimu: 25S nyingi huja na za inchi 19 zenye tairi nyembamba. Ukipata mtu wa kubadilishana nawe za inchi 17, badilisha. Saizi ya 225/55 inameza mashimo, kelele inapungua, mteja wa nyuma anashukuru bila kujua kwa nini.

Kuhusu kuagiza, hapa najua namfundisha mwalimu, ila wasomaji wengine nao wapo. Injini ikivuka cc 2,000 ushuru wa bidhaa unatoka asilimia 5 kwenda 10. Lakini kinachouma zaidi ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi 10 asilimia 30, na VAT inakuja kupanda juu ya vyote hivyo. Tena thamani inayokokotolewa ni ile iliyo kwenye mfumo wa TRA, si lazima iliyo kwenye ankara yako. Kwa hiyo piga hesabu kwenye kikokotoo chao kwa mwaka na modeli kamili kabla hujatuma hata dola moja. Mara nyingine utakuta ya 2016 inakuja juu kidogo tu ya 2013, maana nafuu ya bei ya kule inaliwa na ushuru wa umri. Kama gharama zake zinaingia vipi kwenye vitabu vya biashara yako, hapo wewe ndiye utakayenijibu mimi.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada, ile halisi ya Kijapani yenye ukaguzi na daraja la gari. Daraja la 4 au 4.5 ndilo lako; 3.5 linaweza kufaa kama mikwaruzo ni ya bodi tu. Ukiona R au RA, gari limewahi kugongwa likanyooshwa, achana nalo. Ukinunua lililokwisha kutembea hapa, usiamini kilomita za dashibodi, kuzirudisha nyuma ni kazi ya nusu saa. Tazama raba ya pedali ya breki, ngozi ya stelingi upande wa kulia juu, na ukingo wa siti ya dereva pale mtu anapoteleza akishuka. Kilomita elfu 60 hazili ngozi hivyo. Halafu vuta mkanda wa siti ya nyuma hadi mwisho wake. Ukikuta mstari wa tope au harufu ya ukungu, gari hilo limewahi kuogelea, na Dar wakati wa masika magari yanayoogelea si machache. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti kuhakikisha ni la baridi. Anayekataa hilo, mpe mkono, aga.

Hela yako usiimalize kwenye kununua. Kwa 40, ishia kwenye 34 gari likiwa na namba na kadi kwa jina lako, na sita zibaki. Kwenye hizo sita fanya kazi za wiki ya kwanza kabla hujambeba mteja yeyote: oili ya injini na ya giaboksi, filta zote pamoja na ile ya AC ambayo watu huisahau na ndiyo inayoleta harufu ya soksi, maji ya rejeta, breki, bushi zilizochoka, na tairi nne za tarehe ya karibuni. Tarehe imeandikwa ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Baada ya hapo oili kila kilomita 5,000, hata kama mtu atakwambia inafika 10,000. Foleni na joto la Dar havimo kwenye kitabu cha Japani.

Halafu ndani. Toa nailoni za siti kama zipo, watu huziacha miaka. Toa kitambaa cha manyoya juu ya dashibodi. Usining'inize manukato makali kwenye kioo. Kwa safari ya uwanja wa ndege hadi Posta mteja atashuka na kichwa. Weka chaja ya simu ya nyuma yenye nyaya za aina zote. Redio ya Japani inaishia karibu na masafa ya 90, stesheni nyingi za hapa hazishiki, kwa hiyo fundi aifungie kiongeza masafa.

Na yule mama wa Kijapani. Magari mengi ya kule yana kifaa cha kulipia barabara, na kila ukiwasha kinatoa sauti ya mwanamke anayelalamika kwa adabu kwamba kadi haijaingizwa. Nakutana nacho kwenye magari ambayo mwenyewe ameshaishi nalo miaka minne, amezoea, haisikii tena. Mteja anaisikia. Kifaa kiko chini ya stelingi au kwenye boksi la glavu, fundi wa umeme anakitoa kwa dakika chache, mwambie akitoe siku hiyo hiyo anapofunga redio.